Kiti cha Kuinukia

Kuna uchovu wa mwili, ambao ukilala unakwisha. Na kuna uchovu mwingine, ule unaolala nao na kuamka nao, wala hausikii dawa wala kahawa. Nabintu alikuwa na huu wa pili, na tangu Novemba alikuwa akiutembeza kazini na kanisani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tatu alitoka zamu ya usiku huko Okolona, pembeni mwa jiji la Louisville, Amerika, kwenye ghala ambako kazi yake ni kufunga maboksi. Akapitia nyumbani Newburg kuoga, akamwachia jirani yake Patricia ufunguo pamoja na binti yake mwenyewe, Grâce, kisha akajitupa ndani ya gari ambalo mumewe Paluku alikuwa amekwisha kuliwasha. Miguu yake ilikuwa imevimba. Paluku naye alikuwa ametoka kiwandani, macho mekundu, na hakumwuliza lolote. Watu wawili waliochoka wakikaa miaka mingi pamoja, hujifunza kutoulizana.

Walikuwa wanakwenda Buffalo kumchukua mama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama Rakeli, mama yake Nabintu, alikuwa akiishi Buffalo na mwanawe wa kiume, Zihindula, ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Novemba Zihindula akaugua ghafla, na kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani, akawa amekwisha kufa. Tangu siku ya maziko mama alikaa chini. Sisemi kwa mafumbo: chini kwenye sakafu, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Hapo ndipo alipokula, na hapo ndipo alipolala.

Kwa Bashi wa ukoo wao, watu wa Walungu huko Congo, mfiwa hainuki mwenyewe. Huinuliwa. Na anayemwinua ni mkwe, mwanamume aliyeoa katika nyumba hiyo. Huja na kiti, akakiweka mbele ya mfiwa, na mfiwa humwuliza, “Kiti hiki kinatoka kwa nani?” Mkwe hujibu, “Kinatoka kwa wazima.” Hapo mfiwa huinuka, akakalia kiti, na matanga yakawa yamekwisha. Lakini kiti kiwe cha wazima kweli. Kiti kilichoachwa na maiti hakiletwi matangani, ng’o. Kumkalisha mfiwa juu ya kiti cha marehemu ni kumrudisha kifoni alikotoka.

Mama Rakeli alikuwa amekwisha kuletewa viti vya kutosha kufungua kanisa. Wamama wa kwaya walileta viti, mchungaji Salvatori alileta kochi zima kwa mabega ya vijana. Mama aliwashukuru wote, akawaombea, akabaki chini. Nabintu alipopiga simu kila Jumapili, mazungumzo yalikuwa yale yale.

“Mama, umeinuka?”

“Bado.”

“Unangoja nini, mama?”

“Nangoja tu. Na wewe uko aje?”

“Mimi niko sawa. Niko na kazi.”

Nabintu aliamini anajua mama anangoja nini: anamngoja mkwe na kiti chake. Na mkwe alikuwepo, ila alikuwa kiwandani. Msimu wa baridi ukapita hivyo, kazi za ziada zikiwala wote wawili. Sasa mwenye nyumba wa Buffalo aliitaka nyumba yake mwisho wa mwezi, na wamama wa kwaya walikuwa wamechoka kwa haki yao. Walisema wazi: mama asipoinuka safari hii, watawaita watu wa ofisi, naye atapelekwa kwenye nyumba ya wazee, kati ya watu wasiojua hata kumwamkia. Nabintu alikuwa na ruhusa ya mwisho wa juma huo tu. Ama mama ainuke, ama ampoteze.

Kiti ndicho kilichokuwa kimemtoa jasho. Madukani Louisville alikuwa amezunguka mpaka walinzi wakaanza kumfuata. Viti vyote virefu, utadhani watu wa nchi hii wanaogopa ardhi. Mama Rakeli ni mfupi, na kule Walungu alikuwa na kiti chake kifupi cha mbao ambacho alimenyea maharage, alinyonyeshea watoto, na alikalia akiwagombeza. Kwenye viti vya huku miguu yake ilining’inia kama ya mtoto, na makochi, alisema mwenyewe, yanameza mtu. Kwa hiyo Nabintu aliondoka Louisville bila kiti, akijiambia atanunua chochote Buffalo, hata cha plastiki.

Wakapita Cincinnati. Karibu na Columbus gari likaanza kwenda kombo, likagusa mstari, likarudi.

“Baba Grâce.”

“Niko macho.”

“Macho ya nani? Toka kwa barabara, tutafute kahawa.”

“Bon,” akasema Paluku, kwa shingo upande, kwa sababu mwanamume hapendi kuambiwa amesinzia hata akiwa anakoroma.

Wakatokea Gahanna, ambako ndege zinashuka chini chini juu ya mapaa kuelekea uwanjani. Walizunguka wakitafuta kahawa, wakaangukia mtaa mdogo wenye maduka ya matofali, na Nabintu akasema, “Simama.” Alisema kwa sauti ambayo Paluku alikanyaga breki kwanza na kuuliza baadaye.

Nyuma ya kioo cha duka moja, chini ya taa yenye kofia ya kitambaa cha njano, kilikuwa kimekaa kiti. Kifupi. Hakina mikono. Mbao zimekuwa nyeusi kwa kushikwa, na kikalio kimesukwa kwa kamba za majani. Hakikuwa kiti cha Walungu, lakini mtu angesema vilinyonya ziwa moja.

Ndani ya duka mlikuwa na joto na harufu ya nta. Wallahi, hata mtu aliyechoka kama Nabintu ilibidi atazame. Meza za vioo vya kujipambia, vikombe vyembamba vya maua, saa za ukutani ambazo kila moja ilikuwa na wakati wake, mablanketi ya vipande vipande yaliyotundikwa kama picha. Kila kitu kilikuwa cha zamani, na kila kitu kilikuwa kimefutwa na kuwekwa mahali pake kwa mkono wenye mapenzi.

Paluku alitazama kabati moja, akatikisa kichwa. “Mama Grâce, hii si ile kabati ofisi ya wakimbizi ilituwekea siku tulifika? Ile tulitupa?”

“Nyamaza.”

“Sisi tulitupa. Hapa banaiwekea taa.”

“Karibuni,” sauti ikasema nyuma yao, kwa Kiswahili. “Nimewasikia tangu mlango. Nyinyi ni wa Congo, si ndiyo?”

Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kweli, mwenye aproni na brashi mkononi. Akajitambulisha kuwa ni Jeptoo, wa Eldoret. Alikuja kusoma, akamaliza, sasa siku za kazi yuko kwenye ofisi ya bima, na Jumamosi yuko hapa dukani kwake, ndiyo dawa yake. Aliwaangalia nyuso, akaacha brashi. “Mmetoka mbali. Hebu kaeni niwaletee chai. Chai ya kwetu, si ile maji yao.”

Paluku alikuwa amekwisha kukaa kabla ya neno chai. Nabintu alibaki wima, kikombe mkononi.

“Kaa basi, mama,” Jeptoo akasema.

“Nikikaa sitainuka,” Nabintu akajibu, na alidhani anatania. “Dada, ile kiti ya kwa kioo. Nionyeshe.”

Jeptoo akakileta, akakiweka katikati ya zulia. Nabintu aliinama, akapima kwa kiganja kutoka sakafuni hadi kwenye kikalio, kisha akapima muundi wake mwenyewe, akatoa kidogo kwa ajili ya ufupi wa mama. Kilikuwa sawa. Moyo ukamdunda, kwa sababu ilikuwa muda mrefu kitu chochote hakijawa sawa.

Angelipa hapo hapo wakaondoka, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini Jeptoo alikuwa muuzaji, na dukani mwake hakuna kilichouzwa bila habari zake. Ndivyo wateja wake walivyopenda. Mzungu ukimwambia kabati hili lilikuwa la nyanya wa fulani, analikumbatia.

“Hiki kina story,” akasema, akikipapasa. “Kilikuwa cha Dorothy. Nikiwa student nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, na yeye ndiye nilikuwa namtunza. Alilelea watoto wake wote hapa. Mtoto wake mmoja alikufa vitani, wakamleta wakamzika, na Dorothy akarudi kukaa papa hapa akimenya matufaha, kila siku. Alipokufa, binti yake akaniambia, chagua kitu kimoja cha mama. Nikachagua hiki. Lakini angalia miguu yangu. Nikikaa hapa magoti yanagusa masikio.”

Paluku alikuwa ameacha kunywa. “Huyo mama alikufa?”

“Alilala tu, asubuhi moja hakuamka. Peaceful sana.”

“Donc kiti ni ya marehemu.”

“Eh, karibu kila kitu hapa ni cha marehemu, mzee,” Jeptoo akasema kwa fahari. “Ndiyo uzuri wake.”

Saa zikaendelea kubishana ukutani. Nabintu alikitazama kile kiti, na yale maneno mengine yote ya Jeptoo, ya vita na matufaha, yalimpita masikioni kama upepo. Alilosikia ni moja. Kiti kimoja tu Amerika nzima kilichotosha miguu ya mama yake, na kilikuwa na maiti ndani yake.

“Tuende,” Paluku akamnong’oneza. “Tutapata ingine.”

“Wapi?”

“Mbele.”

“Mbele wapi, Baba Grâce? Nimetafuta toka mwaka mupya. Nimechoka kutafuta.” Akamgeukia Jeptoo. “Funga hiyo kiti, dada. Tunabeba.”

Jeptoo, ambaye hakuelewa lakini hakuwa mjinga, aliuliza polepole, “Nani atakikalia?”

“Mama yangu.”

“Basi mwambie kwamba Dorothy…”

“Hatutamwambia kitu,” Nabintu akasema, akafungua mkoba.

Walipotoka, Jeptoo aliwasindikiza hadi garini na chupa ya chai ya nyongeza. Paluku alikiweka kiti kwenye siti ya nyuma, akakifunga mkanda kama abiria. Hakuwa anachekesha. Alikuwa anafanya hivyo kwa hofu.

Barabara ya kuelekea Cleveland ni ndefu na haina cha kutazama. Paluku alikuwa na chai kichwani sasa, usingizi ukamtoka, na mdomo ukafunguka. Yeye ni Mnande wa Butembo. Kwao hakuna mambo ya kuinua watu kwa kiti, na kwa miaka yote ya ndoa amewatania Bashi kwamba wana sheria hata ya kupiga chafya. Lakini mtu aliyekubali kazi ya mkwe ameikubali, na kwa wiki nzima alikuwa akikariri yale maneno ya Mashi, lugha ya Bashi, aliyofundishwa, kinatoka kwa wazima, akiyasema kiwandani kati ya mashine na bafuni kati ya sabuni.

“Mama Grâce. Mimi ni shemasi.”

“Najua.”

“Mama ataniuliza. Nitamuambia inatoka kwa wazima?”

“Utasema maneno yenye nilikufundisha. Ni Mashi. Mungu atajua hukuelewa.”

Paluku akacheka bila kupenda, kicheko kimoja kifupi. Baadaye akasema, “Unadanganya mama yako juu ya matanga.”

“Na akibaki pale chini? Bakimupeleka kwa nyumba ya wazee? Uongo na hiyo, gani kubwa?”

Nabintu aligeuza uso dirishani. Kila alipofumba macho alijiona jikoni kwa Zihindula, siku za msiba. Ndugu yake yuko chumba cha maiti, nyumba imejaa watu, na yeye amesimama jikoni anasonga ugali wa watu wote, huku akimjibu msimamizi wa ghala kwenye simu kwamba ndiyo, Jumatatu atakuwepo. Wamama wa kwaya walimsifu. Mwanamke wa nguvu huyu, walisema, tazama anavyosimama imara. Toka makaburini walikwenda moja kwa moja kwenye gari. Jumatatu alikuwepo.

Walifika Buffalo jua likiwa halijazama, ingawa jua lenyewe lilikuwa la kukopa. Theluji ya zamani ilikuwa imerundikwa kando ya barabara, chafu kama majivu. Nyumba ya marehemu ilikuwa ghorofani. Mlango ulifunguliwa na Mukansanga, jirani wa Kinyarwanda aliyekuwa akimpikia mama, na uso wake ulisema yote: haya, mmefika, sasa mfanye mnachoweza.

Vitu vya Zihindula vilikuwa vimekwisha kutolewa. Sebule tupu. Mama Rakeli alikuwa kwenye mkeka wake karibu na chuma cha kupasha joto, amevaa koti kubwa la mtu fulani lililotoka kanisani, amekuwa mdogo zaidi ya Nabintu alivyomkumbuka. Nabintu aliinama akamshika mikono yote miwili, akamsalimia, akainuka haraka.

“Mama, mkwe wako amekuja. Amekuletea kiti.”

Kwa Bashi mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na Paluku, Mnande au si Mnande, alikuwa amejifunza adabu. Aliingia ubavuubavu, kiti amekiinua mbele ya uso wake kama ngao. Akakiweka chini mbele ya mkeka. Akarudi nyuma hatua chache, akautazama ukuta.

Mama Rakeli alikitazama kiti kwa muda. Nabintu aliona mkono wa mama ukitoka ndani ya lile koti, ukagusa mguu wa kiti, ukapanda hadi kwenye zile kamba. Ukapita mbele, pale kamba zilipokuwa zimelainika kwa mapaja ya mtu. Mama amekalia kiti kifupi maisha yake yote. Mkono wake ulijua unachokigusa.

“Kiti hiki kinatoka kwa nani?” akauliza kwa Mashi.

Paluku akafungua kinywa. Maneno alikuwa nayo, angeyasema hata akiamshwa usingizini. Akakohoa. Akakifunga kinywa. Akaendelea kuutazama ukuta, na masikio yake yakaanza kung’aa kwa jasho katika nyumba ile ya baridi.

“Kinatoka kwa nani?” mama akarudia.

Na Nabintu, aliyekuwa amepanga uongo ule tangu Gahanna, akaona hana nguvu hata ya kuusukuma nje ya meno. Hata kudanganya kunahitaji mtu aliyelala.

“Ni cha marehemu, mama. Mwanamke mmoja mzungu. Alikufa mzee. Nilijua, nikakinunua, nikamwambia Baba Grâce aseme uongo. Yeye hakutaka. Ni mimi.”

Mukansanga, mlangoni, akashika kifua. Mama Rakeli hakutoa mkono kwenye kiti.

“Mwanamke huyo alizika mtoto?”

Nabintu ilibidi afikiri. Ndipo yale maneno ya Jeptoo, yaliyompita dukani, yakarudi moja moja. “Ndiyo. Wa kiume. Alikufa vitani.”

“Akakaa tena hapa?”

“Akakaa tena. Alikuwa akimenya matunda.”

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za jirani. “Toka tumefika nchi hii, nimekalia nini ambacho hakikuwa cha mtu? Hata hili koti, najua ni la marehemu gani? Kiti si kibaya. Mwenyewe alijua kuinuka.” Akauondoa mkono. “Lakini mimi siwezi kuinuka.”

Hapo ndipo moyo wa Nabintu ulipopasuka. Alisahau adabu, alisahau kwamba mkwe yupo. “Unangoja nini, mama? Mkwe ni huyu. Kiti ni hiki. Nyumba inachukuliwa. Kesho jioni lazima niwe njiani, keshokutwa niko kazini. Niambie, unangoja nini?”

“Nakungoja wewe.”

“Mimi si niko hapa!”

“Umesimama,” mama akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

“Tulimzika ndugu yako, umesimama. Ulipika, umesimama. Ukatoka makaburini ukapanda gari. Nyinyi mlikuwa wawili tu waliobaki tumboni mwangu, na mmoja hajakaa chini kumlilia mwenzake. Mkeka haukunjwi mtoto wa nyumba akiwa bado hajaukalia. Ningeinuka mimi, ungekuja siku moja ukakuta mahali pa kulilia hakuna.”

“Mama, si ungeniambia? Kila Jumapili nilipiga simu.”

“Kila Jumapili nilikuuliza uko aje. Ulisema uko sawa.” Mama akasogea kidogo kuelekea ukutani. Upande wa mkeka ukabaki wazi, na ulikuwa mpya kabisa, haujachakaa kama ule upande mwingine. Miezi yote ile hakuwa ameukalia. “Mtu haitwi kwenye machozi kwa simu. Anangojwa.”

Nabintu alitazama ule upande wa mkeka. Alitaka kusema jambo juu ya kazi, juu ya kodi ya nyumba, juu ya Grâce. Magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika. Alishuka taratibu, mkono ukutani, mifupa ikilia, na alipogusa mkeka akatega sikio, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Kisha akaita, “Zihindula.” Mara moja tu. Lile jina halikuwa limetoka kinywani mwake tangu Novemba, alikuwa akisema “ndugu yangu”, alikuwa akisema “marehemu”. Kilio kilichofuata hakikuwa cha mwanamke wa nguvu. Kilikuwa cha dada mkubwa aliyembeba mtoto huyo mgongoni kutoka Walungu hadi mpakani, akimwambia usilie, usilie, watatusikia.

Mama hakumnyamazisha. Alimshika mguu, ule uliovimba, akauvua kiatu.

Paluku alivua koti lake, akamwambia Mukansanga kwa sauti ya chini amwonyeshe unga uliko. Usiku ule ni yeye aliyesonga ugali, akautoa na mabonge, na wote waliula hivyo hivyo.

Asubuhi yake, chai ilipokwisha kunyweka, Paluku alikichukua kiti pale ukutani, akaingia tena ubavuubavu, akakiweka mbele ya mkeka. Mama Rakeli akauliza kama inavyoulizwa. Na Paluku, shemasi, aliyeyakariri maneno ya Mashi wiki nzima, akaona hayo aliyofundishwa hayatoshi, na mengine hakuwa nayo. Akasema kwa Kiswahili chake cha Butembo:

“Inatoka kwa mama mwenye alizika mutoto, na akainuka.”

Mama alifikiri. Halikuwa jibu la ukoo, na wakubwa wa Walungu wangelikataa. Akamshika Nabintu bega, akalielemea kwa uzito wake wote, akainuka, akageuka, akakaa. Miguu yake yote miwili ilifika chini. Mukansanga akapiga vigelegele, halafu akaona haya, akajifunika mdomo.

Nabintu akafanya kama anataka kuinuka naye. Mkono wa mama ukamrudisha.

“Wewe bado. Ndiyo kwanza umekaa.” Kisha, akimwambia mkwe bila kumtazama, “Mkeka tunabeba. Mtautandika kwenu Louisville, na kiti kiwe karibu. Siku yake ikifika, utamwinua huyu pia.”

“Ndiyo, mama,” Paluku akauambia ukuta.

Nabintu akalaza kichwa. Kiti kilikuwa kifupi, kwa hiyo kichwa kilifika kwenye mapaja ya mama bila yeye kujinyoosha, kama zamani. Ndani ya koti lake lililotundikwa mlangoni simu ikaanza kulia, namba ya ghala, siku ya Bwana. Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena, na hakuna aliyeinuka.